Tenki la sebuleni: shajara ya kipupwe, madoa meupe na ujuaji wangu

9 Juni

Kwa aliyejiunga leo, tenki langu la samaki ni lile lile la sentimita 80 kwa 35 kwa 45 nililotengenezewa na fundi wa vioo, ukitoa kokoto na ile nafasi ya juu linaingia ndoo 5 za lita 20, yaani lita 100 kamili. Mwezi wa 9 sasa tangu nijaze maji. Ndani kuna moli 6 weusi, enjeli 2, pleko 1 ambaye kazi yake kunyonya kioo na kujificha, na magapi ambao niliacha kuwahesabu zamani maana kila nikimaliza kuhesabu wameshazaa. Leo nimetoka Kariakoo na mkia-upanga 4 wekundu. Nimeelesha mfuko dakika 20 joto lilingane, nikafungua nikamimina wote humo na maji yao. Wameingia wanang'aa, sebule imechangamka, mama Zuu mwenyewe kasifia na huyo si mtu wa kusifia samaki asiyeliwa.

12 Juni

Baridi imeanza, asubuhi themometa inasoma 23. Hita sina, Dar nani ananunua hita. Zuu (darasa la tatu) kaniambia kabla ya kwenda shule "baba, yule mwekundu anajikuna kwenye jiwe". Nikamwambia anacheza huyo, vaa viatu basi litakuacha.

14 Juni

Moli mkubwa hajala jioni. Labda ameshiba. Na mkia-upanga wawili wanaogelea wamekunja mapezi, lile pezi la mgongoni limelala kabisa, badala ya kutanuka kama feni. Nimeona, nikapita.

17 Juni

Haya sasa. Leo nimewasha taa ya tenki nikakuta yule mwekundu anayejikuna amepakwa kitu kama chengachenga za sukari kwenye mkia na mashavuni, nikasogea karibu nikakuta moli wawili nao wanazo na kwenye weusi ule zinaonekana vizuri mno hata bila miwani. Madoa meupe. Nilishasoma habari zake miaka yote nikadhani ni ya watu wengine.

Nimerudi juu kusoma nilichoandika mwenyewe tarehe 12. Mtoto wa darasa la tatu aliona siku tano kabla yangu. Kujikuna, kukunja mapezi, kukataa chakula, vyote nimeviandika kwa mkono wangu na kila kimoja nimekitafutia kisingizio. Kesho dawa.

18 Juni

Leo nimefanya mambo mawili kwa kasi sana na yote nilijiona mjanja.

La kwanza, muuzaji mmoja kanishauri nimwage vidonge vya tetrasaiklini, vile vya rangi mbili vya binadamu, kwamba yeye ndo anavyofanya na samaki wake wanapona. Nikapasua vidonge 4. Maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi, juu limejaa povu, Zuu kauliza kama tunawafulia samaki.

La pili, nikasema kama kuna ugonjwa basi usafi kwanza, nikachomoa sponji ya filta ikiwa nyeusi tii, nikaipeleka bomba la nje, lile linalotoka moja kwa moja kwenye laini bila kupita simtanki, nikaisugua mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Nikairudisha. Imependeza kweli.

19 Juni

Nimempigia mzee mmoja anakaa Mbagala, zamani Kigoma alikuwa anapiga mbizi kukamata samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, wale sikilidi wanaosafirishwa nje. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwelezea mwanzo mpaka mwisho. Kimya kidogo. Halafu "mwanangu, umempa mwenye kupe dawa ya kikohozi."

Alivyonieleza naandika hapa nisije nikasahau. Ile chengachenga si ukungu wala si bakteria, ni kidudu cha chembe moja, jina lake la kitaalamu Ichthyophthirius multifiliis. Kinajichimbia chini ya ngozi ya samaki kinakula humo, na kile kidoa ndo nyumba yake. Kikishiba kinatoboa kinadondoka chini kwenye kokoto, kinajifunika ganda, kinajigawa gawa humo ndani mpaka vinatoka vitoto mamia kwa mamia vinaanza kuogelea vikitafuta samaki mwingine, na visipompata ndani ya siku moja mbili vinakufa. Sasa kikiwa ndani ya ngozi dawa ya majini haikifikii, kikiwa kwenye ganda haikifikii, kinashikika pale tu kinapoogelea. Kwa hiyo mtu anaweka dawa siku mbili, madoa yanapotea (yameshiba tu yamedondoka), anashangilia, anaacha, baada ya siku chache yanarudi mara kumi.

Tetrasaiklini ni ya bakteria, kidudu hiki hakijali hata kidogo. Tena kwa maji yetu haya magumu yenye chokaa, dawa yenyewe inashikana na kalisi inapungua nguvu. Kwa hiyo nilichopata ni povu.

Nikamuuliza nitajuaje next time siyo ukungu. Akasema ukungu unakaa kama pamba, una manyoya, mara nyingi mahali palipoumia. Chengachenga zinazohesabika moja moja ni hii. Kama ni vumbi laini la rangi ya dhahabu unaloliona ukimulika tochi pembeni, hicho ni kingine, na pamba ya mdomoni inayomaliza samaki kwa siku moja mbili hiyo inafanana na ukungu lakini ni bakteria, hapo sasa ndo dawa ya bakteria ina kazi.

Nimebadilisha ndoo 2 za maji kupunguza ile chai.

20 Juni

Mpango: joto. Kidudu hiki kwenye maji ya baridi kinajivuta, kwenye joto mzunguko wake unakwenda mbio, na ukifika nyuzi 30 aina nyingi zinashindwa kuzaliana. Ndo maana nilikaa miezi yote ya joto bila kitu. Maji yalikuwa 29 mpaka 30 yenyewe, kipupwe kikaja yakashuka 23, samaki wakapata mfadhaiko, na mimi nikawaletea wageni na maji yao. Nilipanga meza nikakaribisha.

Chumvi ningeweka, ila pleko na chumvi hawaelewani, na kumkamata pleko kwenye mawe yale ni kubomoa tenki zima. Basi tenki joto tupu, moli wawili waliojaa madoa nimewahamishia kwenye ndoo ya lita 20 yenye chumvi ya mawe vijiko vitatu vya chakula, imekuja kama gramu 3 kwa lita, nimeiyeyusha pembeni kwanza na nimeiweka kwa awamu tatu mchana kutwa. Moli chumvi ni kwao, ndugu zao wapo wanaoishi mpaka kwenye maji ya mito inayokutana na bahari.

Hita ya wati 100 nimeipata, bei nimemwambia mama Zuu nusu. Nimepanda nyuzi moja kila baada ya masaa kadhaa.

21 Juni, saa tisa na nusu usiku

Kimya ndo kimeniamsha. Ukizoea pampu ya hewa inavyonguruma, ikinyamaza unashtuka kama mtu amezima feni. Luku imeisha. Kosa langu, hita imeanza kula uniti na mimi nanunua kwa mahesabu ya zamani. Simu nayo mtandao unazunguka tu, tokeni haiji.

Maji yako 29 na yakiwa ya moto yanashika hewa kidogo, kwenye nyuzi 24 yanabeba kama miligramu 8.4 za oksijeni kwa lita, kwenye 30 ni 7.5 hivi, na samaki mwenye madoa kwenye mashavu ndo anaihitaji zaidi maana vidudu vimekaa hapo hapo anapopumulia. Nimemulika tochi, wote juu, midomo nje. Nikachukua jagi nikakaa nateka namwaga kutoka juu, nateka namwaga, dakika 40 za kumwaga maji gizani kwa bukta. Mama Zuu kapita kwenda chooni hakusema kitu. Tokeni ikaingia saa kumi na dakika kumi.

21 Juni, jioni

Joto 30. Nimeinua bomba la filta limwage juu ya uso wa maji na nimeongeza jiwe la hewa. Lakini bado wapo juu wanahema. Nadhani uchovu wa jana.

23 Juni

Haukuwa uchovu.

Asubuhi gapi 5 chini wamekufa. Waliobaki wote juu, enjeli juu, hata pleko, yule ambaye mchana humuoni, amejibandika kwenye kioo pale pale juu maji yanapoishia. Nilimhesabia moli mmoja shavu lake kufunguka, zaidi ya mara 120 kwa dakika. Ndani ya mashavu rangi nyekundu ya kuwaka kama ameungua. Na cha ajabu madoa yamepungua! Yaani ugonjwa unaondoka na samaki wanakufa.

Nikampigia mzee tena. Swali lake la kwanza, "wameanza mmoja mmoja au wote pamoja?" Wote pamoja. "Basi achana na samaki, pima maji." Akanieleza ugonjwa wa kuambukiza unaanza kwa mmoja, kesho wawili, keshokutwa watano, lakini ukiamka tenki zima linahema kwa pamoja, mkubwa kwa mdogo, aina zote, hayo ni maji, siyo kidudu. Halafu akauliza taratibu, kama anajua jibu: filta uliigusa?

Nikakumbuka sponji yangu nzuri.

Kwa asiyejua kama mimi nilivyokuwa najifanya najua: kinyesi, mkojo na chakula kilichobaki vinatoa amonia, na amonia ni sumu. Kwenye ule uchafu mweusi wa sponji wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo mpaka ifike nyingi sana haina shida, unaiondoa ukibadilisha maji. Wale bakteria nilihangaika wiki sita kuwapata mwaka jana. Nikawapeleka bombani nikawaogesha na klorini, dawa iliyowekwa kwenye maji kwa kazi hiyo hiyo ya kuua bakteria, waliopona wakakuta na tetrasaiklini inawasubiri.

Jirani wa mtaa wa pili kaniazima kipimo chake. Amonia 1, naitraiti 0.5. Kwenye tenki lililopevuka vyote vinatakiwa 0.

Na hapa ndo nilikaa chini kabisa. Amonia ina sura mbili majini, moja kali na moja ya upole, na kadiri maji yanavyopanda pH (kipimo cha uasidi na ualikali) na joto ndo nyingi zaidi inageuka ile kali. Maji yangu pH 8. Kwenye nyuzi 25 ile kali ni kama 5 kwa mia, kwenye 30 inafika 7 na nusu. Kwa hiyo joto nililoweka kuua kidudu limeinoa sumu niliyotengeneza kwa kuosha sponji. Nikishusha joto kidudu kinapata nafuu, nikiliacha amonia inachoma mashavu.

Tumeamua joto libaki, tupambane na amonia kwa ndoo. Ndoo 2 asubuhi, ndoo 2 jioni, maji ya simtanki yaliyokaa wazi na kupigwa hewa masaa 24, yamepashwa kidogo na maji ya birika yalingane joto. Chakula hakuna kabisa, siku tatu nne samaki mkubwa hafi njaa, na asichokula hakigeuki amonia. Zuu analia kwamba nawatesa.

24 Juni

Gapi 2, mkia-upanga 1. Amonia 0.5.

25 Juni

Mzee kaja mwenyewe! Daladala mbili kutoka Mbagala na kimfuko cha plastiki chenye kipande cha sponji cheusi kutoka tenki lake, kikiwa kibichi ndani ya maji yake. Hajapata ugonjwa mwaka mzima kwa hiyo nimeamini. Tumekibana pembeni ya sponji yangu ile safi ya aibu. Kakaa mbele ya tenki kama nusu saa hasemi, chai imepoa. Kisha kaanza kumuuliza Zuu, siyo mimi. Huyu mapezi yake yakoje? Huyu mbona yuko peke yake kona ile, jana alikuwa hapo? Kinyesi chake cheusi au cheupe kama uzi? Kamwambia kwao Kigoma akishamkamata samaki anaangalia tumbo na macho kabla hajaangalia rangi, maana samaki wa mawe ya kule wakianza kuvimba tumbo, kukataa chakula na kutoa kinyesi cheupe chembamba unaweza kuwapoteza wote, na mara nyingi ni wale wala mwani waliolishwa vyakula vya nyama nyama na watu wa mjini. Zuu kaleta daftari.

26 Juni

Amonia 0.25, naitraiti 0.5 bado. Hakuna aliyekufa. Sijaona doa hata moja kwenye tenki, nimetafuta na tochi. Hita haizimwi ng'o.

29 Juni

Amonia 0, naitraiti inashuka. Nimewapa chakula kidogo, punje za kuliwa kwa dakika moja, wamekimbilia wote isipokuwa enjeli mdogo. Anakuja, anakiangalia, anatema.

Moli wa ndoo ya chumvi wamepona wote wawili ila wanabaki huko.

2 Julai

Enjeli mdogo tumbo limevimba na ukimwangalia kutoka juu magamba yamesimama yote kama nanasi. Macho yametoka. Nilitaka kuanza kutafuta dawa, nikampigia mzee, akasema ile siyo ugonjwa ni mwisho wa ugonjwa, figo zimeshindwa, maji ya mwilini hayatoki tena, ndo magamba yanasukumwa. Wachache sana wanarudi kutoka hapo. Akaniambia nisimtupe chooni akiwa hai wala nisimweke frija, hayo ni mateso.

Mama Zuu ana kichupa cha mafuta ya karafuu ya Unguja, ya jino. Matone 10 kwa lita moja, kwanza nimeyatikisa kwenye chupa yenye maji ya uvuguvugu mpaka yakawa meupe kama maziwa maana mafuta hayachanganyiki hivi hivi, nikamimina polepole kwenye bakuli alimokuwa. Kwanza anayumba kama mlevi, kisha analala ubavu, kisha mashavu yanasimama. Nimemwacha nusu saa nzima kuhakikisha, kwa sababu akilala tu siyo kwamba amekufa, ukimrudisha kwenye maji safi anaweza kuamka. Nyumba nzima inanukia pilau. Tumemzika chini ya mpapai, Zuu hakutaka kuja.

6 Julai

Siku ya 10 bila doa. Nimeanza kushusha joto, nyuzi moja kwa siku mpaka 26 na hapo hita itakaa kipupwe chote. Naitraiti 0. Hesabu: mkia-upanga 3 kati ya 4, moli 6 wote, enjeli 1, pleko huyo hapo kajificha tena, ndo nikajua amepona. Magapi sijui hata tulikuwa nao wangapi, waliobaki 11.

Sponji sasa inaoshwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tenki lenyewe, inakamuliwa mara mbili tatu, basi. Ikibaki nyeusi ibaki.

7 Julai

Kitu kidogo, nimenunua kipimo changu cha amonia. Ni bei kuliko samaki wote waliobaki ukiwajumlisha.

13 Julai

Nimerudi Kariakoo. Nimesimama kwenye tenki la dukani dakika 15 kabla sijafungua mdomo, muuzaji akaanza kuniona kama mwizi. Nilikuwa naangalia nani amekunja mapezi, nani anajikuna, kama kuna maiti chini. Tenki la kwanza nimeliruka, kulikuwa na mmoja anahema juu na wenzake wazima. La pili nimechukua gapi 2 majike.

Safari hii hakuna kumimina. Wapo kwenye ndoo yao uani, sponji yao, kinyavu chao, na nikishawalisha nanawa mkono kabla sijagusa tenki kubwa. Wiki tatu.

22 Julai

Siku ya 9 ya karantini. Zuu anakagua ndoo kila asubuhi kabla ya basi la shule, dakika tano, halafu ndo anawapa chakula, na anaandika. Leo daftari lake linasema: "Wa kwanza mapezi wazi. Wa pili mapezi wazi. Hakuna anaejikuna. Baba asiwaguse."